Kompyuta haijazeeka, diski ndiyo inayokufa: kuhamia SSD bila kupoteza daftari

Leo nataka tuzungumze juu ya swali ambalo huulizwa kila mtu aliyesomea kompyuta, awe harusini, matangani au ndani ya matatu: "Laptopu yangu imekuwa nzito sana siku hizi, ninunue ipi?" Na mimi hujibu kwa swali: hiyo uliyo nayo ina diski ya aina gani? Hapo mazungumzo hukatika. Watu wengi wanajua RAM ya mashine zao na ukubwa wa skrini, lakini diski wanaijua kwa GB zake tu. Kumbe mara nyingi ugonjwa uko hapo hapo.

Nitawaeleza jinsi nilivyouhamisha mfumo endeshi wa laptopu moja kutoka diski ya sahani hadi diski ya SSD mwezi wa Novemba 2025. Ilikuwa ya Linux, lakini hata kama wewe ni mtu wa Windows, soma tu. Kanuni ni zile zile, na jambo kubwa nililotaka kusema halina uhusiano na Linux wala Windows.

Tuanze na diski yenyewe. Ndani ya diski ya kawaida kuna sahani zinazozunguka na mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea, kinachoelea juu ya sahani bila kuigusa. Ukifungua faili, mkono unasogea hadi kwenye mstari wake, kisha unangoja mpaka sehemu inayotakiwa izunguke na kupita chini ya kichwa. Teknolojia hii si ya jana. Diski ya kwanza kuuzwa, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, zikizunguka mara 1,200 kwa dakika, na yote ikibeba herufi milioni 5 hivi. Wimbo mmoja wa MP3 ungetosha kuijaza. Tangu siku hizo sahani zimepungua na GB zimeongezeka, lakini wazo halijabadilika: kitu kizunguke, mkono usogee, wewe ungoje.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Hiyo ni mara 90 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama milisekunde 11. Kwa wastani utangoja nusu ya mzunguko, yaani milisekunde 5.5. Ongeza muda wa mkono kusogea, na unafika kama milisekunde 15 kwa kila kipande kinachosomwa mahali pengine. Maana yake, diski hiyo inaweza kuruka huku na huku mara 65 hivi kwa sekunde, basi. Chukulia kwamba kompyuta ikiwaka inahitaji kusoma vipande vidogo 6,000 vilivyotawanyika. Gawanya kwa 65: sekunde 92. Hata ukiweka kichakataji cha bei mbaya, sekunde zile utazingoja, kwa sababu kichakataji chenyewe kinangoja mkono.

SSD haina sahani wala mkono. Ndani yake kuna chipu za kumbukumbu aina ya NAND, ambayo Fujio Masuoka na wenzake wa Toshiba waliiwasilisha kwa wahandisi mwaka 1987. Kwa SSD ya kawaida ya SATA, kufikia kipande kimoja huchukua kama sehemu moja ya kumi ya milisekunde. Vile vipande 6,000 vinasomwa kwa muda usiofika sekunde moja. Ndiyo maana mashine ya miaka kumi ikiwekewa SSD mwenyewe hudhani amenunua nyingine.

Hadi hapa ni mambo mnayoyasoma kila mahali. Lakini kuna jambo la pili ambalo halisemwi sana, nalo ndilo lililonifanya niandike leo.

Diski ya sahani haipungui mbio kwa sababu ya umri. Ile iliyozunguka mara 5,400 kwa dakika mwaka 2015 bado inazunguka mara 5,400 leo. Kama laptopu yako ilikuwa ya polepole tangu siku ya kwanza, sawa, ndivyo ilivyo. Lakini kama mwaka jana ilikuwa inakubalika na mwaka huu inaganda nusu dakika huku taa ya diski ikiwaka, hilo ni jambo jingine kabisa. Mzee hutembea polepole siku zote. Anayetembea vizuri leo na kesho anasimama kila baada ya hatua mbili ni mgonjwa.

Kinachotokea ni hiki. Diski imegawanywa katika sekta, visehemu vidogo vya baiti 512 au 4,096. Sekta ikianza kuchoka, diski hujaribu kuisoma tena na tena kabla ya kukata tamaa. Mfumo endeshi nao unasubiri jibu. Kwenye Linux, muda wa kawaida wa kusubiri amri moja ya diski ni sekunde 30. Kwa hiyo sekta moja mbovu, katikati ya faili unayoifungua kila siku, inatosha kuifanya mashine nzima ionekane imezeeka. Haijazeeka. Inakuaga.

Haya, sasa kisa chenyewe.

Mama yangu anaishi Kilifi, na ni mweka hazina wa chama cha akina mama 26. Wanachanga kila mwezi, wanakopeshana, na Desemba wanagawana faida. Hesabu zote tangu 2018 ziko katika lahajedwali za LibreOffice, faili moja kwa kila mwaka, kwenye laptopu iliyotoka ng'ambo ikiwa imeshatumika. Ina Linux Mint. Mama hajui na hataki kujua Linux ni nini. Anajua ikoni yake ya daftari.

Wiki ya pili ya Novemba nilimpigia simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile kompyuta imezeeka kama mimi. Wenzangu wanasema Jumapili tupitishe shilingi 45,000 tununue nyingine."

"Imeanza lini?"

"Tangu mwezi wa nane. Nikifungua daftari la mikopo, inaganda. Naenda kubandika chai, nikirudi ndiyo inafunguka."

"Ina sauti yoyote?"

"Ee, inakwaruza. Kama panya darini."

Nikamwambia aizime, asiiwashe tena mpaka nifike. Akauliza kama ni hatari. Nikamwambia haitaungua, ila kila dakika inayowaka inakula muda uliobaki.

Fikiria kilichokuwa ndani ya diski ile. Michango ya watu 26, nani amekopa, nani amelipa nusu, nani bado. Faida ya Desemba inakokotolewa kutoka humo. Mweka hazina akisimama mbele ya wenzake na kusema "kompyuta ilikufa", hakuna atakayemwita mwizi mbele yake. Lakini maneno yatasemwa njiani, na Kilifi si mji mkubwa. Zile shilingi 45,000 za laptopu mpya zisingesaidia chochote kama hesabu zingebaki kwenye diski iliyokufa.

Siku ya Alhamisi nilipita Luthuli Avenue, Nairobi, nikanunua SSD ya SATA ya GB 240 kwa shilingi 4,200, na waya wa kugeuza SATA kuwa USB. Jioni hiyo hiyo niliipima. Tafadhali msiruke hatua hii. Zipo diski na flashi bandia ambazo zinajitangaza kuwa na GB 240 kumbe ndani zina chache tu. Zinapokea faili zako zote kwa furaha, kisha zinaandika juu ya zile za kwanza. Programu ya bure inayoitwa F3 huijaza diski yote kwa data inayojulikana, kisha huisoma upya kuona kama kila kitu kimo. Yangu ilipita. Ijumaa jioni nilikuwa Kilifi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiuliza diski hali yake. Diski zote za siku hizi hujiwekea kumbukumbu za afya, zinazoitwa SMART. Niliiwasha laptopu kutoka kwenye flashi yenye Linux, ili mfumo ulio ndani ya diski mbovu usiamke na kuanza kuandika huku na huku, kisha nikaandika:

sudo smartctl -a /dev/sda

Orodha ni ndefu lakini mistari mitatu ndiyo muhimu. Reallocated_Sector_Ct ni idadi ya sekta ambazo diski imeshazizika na kuweka za akiba. Current_Pending_Sector ni zile zinazosubiri hukumu, yaani diski imeshindwa kuzisoma na haijui izifanye nini. Offline_Uncorrectable ni zile zilizoshindikana wakati diski ilipojikagua yenyewe. Kwenye diski yenye afya, yote matatu yanapaswa kuwa sifuri. Ya mama ilikuwa na 1,048 kwenye mstari wa kwanza na 312 kwenye wa pili. Sikuhitaji kusoma wa tatu.

Hapa ndipo wengi hukimbilia kuhamisha mfumo mzima mara moja, kutoka sekta ya kwanza hadi ya mwisho. Kwa diski nzima isiyo na shida, hiyo ni njia nzuri kabisa. Kwa diski inayokufa, jiulize kwanza: kama itakufa baada ya dakika kumi, ningependa dakika hizo zitumike kusoma nini?

Faili zilizo kwenye kompyuta yako ni za aina mbili. Kuna zile ambazo dunia nzima inazo: kiini cha Linux, LibreOffice, fonti, madereva ya printa. Zikipotea leo, kesho utazipakua bure. Na kuna zile ambazo wewe peke yako unazo. Kwenye laptopu ya mama, aina ya kwanza ilikuwa GB 50 na zaidi. Aina ya pili, ile folda ya chama, haikufika hata MB 40. Mfumo endeshi ni mkubwa na una kelele nyingi, lakini ndio usio na thamani ya kipekee.

Kwa hiyo nilifungua diski kwa kusoma tu, nikanakili folda ya chama kwenye flashi mbili tofauti kabla ya kugusa kitu kingine. Faili zote zikapita isipokuwa moja: mikopo ya 2022. Hiyo ikaganda, taa ikawaka, panya wakakwaruza, kisha ikaleta kosa la kusoma. Nikaiacha kwanza. Usibishane na sekta mbovu kabla hujaokoa zilizo nzima.

Ndipo nikaanza kuhama kwenyewe. Hapa nitaenda haraka pale ambapo kila mwongozo unaeleza, na nitasimama pale ambapo watu hukwama.

Kwenye SSD mpya niliweka jedwali la patisheni la GPT, patisheni ndogo ya MB 512 ya kuwashia, na iliyobaki yote kuwa ext4. Zamani, enzi za Windows XP, patisheni ya kwanza ilianzia sekta ya 63, jambo ambalo huzisumbua SSD kwa sababu vipande vyake vya ndani havilingani na mpangilio huo. Programu za leo huanzia kwenye MB 1, kwa hiyo hilo halihitaji kukunyima usingizi.

Kwa kunakili nilitumia rsync, ambayo husoma faili moja moja badala ya kusoma diski sekta kwa sekta. Sababu ni mbili. Diski ya zamani ilikuwa ya GB 500 na mpya ni GB 240, kwa hiyo kunakili sekta kwa sekta kusingewezekana bila kupunguza patisheni kwanza, na kupunguza patisheni ni kuandika sana kwenye diski mgonjwa. Pili, faili zilizokuwemo zilikuwa GB 61 tu. Kwa nini nimchoshe mgonjwa kwa kumsomesha GB 439 za nafasi tupu?

sudo rsync -aAXH --numeric-ids /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Herufi zile si mapambo. Bila hizo utapata nakala ya faili lakini mfumo hautasimama vizuri, kwa maana ruhusa za ziada na viungo kati ya faili vitapotea njiani. Na uangalie ule mkwaju wa mwisho baada ya neno zamani. Ukiuacha, utapata folda inayoitwa zamani ndani ya diski mpya, na mfumo hautajikuta mahali pake.

Kazi ambayo kwa kawaida ingemalizika ndani ya saa moja ilichukua karibu saa tatu, kwa sababu ya yale magando. Mama alikuja mara mbili kuangalia. Mara ya pili alileta viazi karai na kuuliza, "Bado inahama?" Nikamwambia bado, ina mizigo mingi. Akasema, "Basi kama ni kuhama, usisahau kuwaambia watu anwani."

Alikuwa anatania, lakini amegusa palepale. Kunakili faili ni nusu tu ya kuhama. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, ubao mama hutafuta ile patisheni ndogo, na ndani yake hukuta GRUB, programu ndogo ambayo kazi yake ni kukiamsha kiini cha Linux. Kiini nacho kinahitaji kujua mfumo wote uko wapi. Kila patisheni ina namba yake ndefu ya utambulisho, UUID, na namba hizo zimeandikwa kwenye faili ya /etc/fstab na kwenye mipangilio ya GRUB. Ukinakili kila kitu bila kubadilisha namba, diski mpya itaamka na kuanza kumtafuta mwenzake wa zamani. Ukiwa umeshaiondoa, utaona skrini nyeusi na kudhani umeharibu kila kitu, kumbe ni anwani tu.

Kwa hiyo: amri ya blkid ikuonyeshe namba mpya, uziandike kwenye /etc/fstab ya diski mpya, mistari yote miwili, wa mfumo na wa patisheni ya kuwashia. Kisha uingie ndani ya mfumo mpya kwa chroot, uweke GRUB upya kwa grub-install, na uiagize isome namba mpya kwa update-grub. Uzuri wa UUID ni kwamba haijali waya. Wakati wa kunakili SSD ilikuwa kwenye USB ikiitwa sdb. Ilipoingia ndani ya laptopu ikawa sda. Namba yake haikubadilika, mfumo ukaamka bila swali.

Kubadilisha diski kwa mikono ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Bisibisi, skrubu nane za kifuniko, nne za kishikio, diski moja itoke na nyingine iingie. Toa betri kwanza kama inatoka. Nilipobonyeza kitufe, ukurasa wa kuingilia ulitokea baada ya sekunde 21. Kabla ya hapo mama alikuwa anahesabu dakika nne.

Sasa turudi kwa majeruhi. Mwishoni rsync ilinipa orodha ya faili 11 ilizoshindwa kuzisoma. Moja ilikuwa picha ya akiba ya kivinjari, takataka tu. Tisa zilikuwa za mfumo: fonti, vipande vya LibreOffice, vitu vya namna hiyo. Programu ya debsums hulinganisha kila faili ya mfumo na alama yake ya asili, kwa hiyo nilijua ni vifurushi gani vina mashimo. Amri ya apt install --reinstall ikavileta vyote upya kutoka intaneti. Dakika tano, tumemaliza. Tisa kati ya kumi na moja zilirudi kana kwamba hakuna kilichotokea, maana dunia ilikuwa na nakala.

Ya kumi na moja ilikuwa mikopo ya 2022.

Kwa hiyo niliitumia diski ya zamani kupitia ule waya wa USB na programu ya ddrescue, ambayo kazi yake ni kusoma kwa subira: inachukua kinachosomeka kwanza, kisha inarudi kwenye kilichokataa mara kadhaa. Baada ya nusu saa ilikuwa imepata faili yote isipokuwa baiti 4,096. Ukisikia hivyo unaweza kufurahi, kipande kidogo hivyo kina nini? Lakini faili ya LibreOffice ni kifurushi kilichobanwa, kama zip. Katika data iliyobanwa, kila sehemu hutegemea iliyotangulia. Shimo moja katikati, na vyote vinavyofuata havisomeki. Nilijaribu kuikarabati mpaka saa saba usiku. Nikapata Januari hadi Aprili. Kuanzia Mei, hakuna kitu.

Asubuhi nilimweleza mama kwa uangalifu, kama daktari anayetoa habari. Alisikiliza, akanywa chai yake, akauliza, "Ni hiyo moja tu?"

"Ni hiyo moja, mama."

Akaingia chumbani akatoka na daftari la kaunta, lile gumu lenye mgongo mwekundu, limefungwa kwa lastiki. Kila mkopo wa 2022 ulikuwamo, kwa kalamu, na sahihi ya aliyekopa kando. "Kwani ulidhani akina mama wanatia sahihi kwenye kompyuta?" akaniuliza.

Alikuwa na daftari la kila mwaka. Yeye huandika kwenye karatasi kwanza, kisha ndiyo anaingiza kwenye laptopu ili imjumlishie. Nimesoma vitabu vizima kuhusu nakala za akiba, kwamba zisiwe mahali pamoja na zisiwe za aina moja, na huyu mama amekuwa akifanya hivyo tangu 2018 bila kuambiwa na mtu. Jumamosi yote alinisomea majina na tarakimu, nami nikaingiza, Mei hadi Desemba. Tulipofika mwisho, jumla ya mwaka ililingana na ile iliyofunguliwa mwanzoni mwa daftari la 2023. Ililingana hadi shilingi ya mwisho. Jumapili chama hakikupitisha shilingi 45,000. Zikabaki kwenye kapu la kugawana.

Sasa ushauri kwa wale wenye mashine za aina nyingine. Kama una Windows, na diski yako ina afya, Clonezilla itakunakilia diski nzima bure. Kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo angalia hilo kabla ya kununua. Lakini kama ni Windows 10, kumbuka Microsoft ilimaliza kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Hapo pengine ni heri kunakili faili zako tu na kuweka mfumo mpya kabisa kwenye SSD, Linux ikiwemo. Kama laptopu yako ni ile nyembamba yenye kumbukumbu iliyochomelewa kwenye ubao mama, haya yote hayakuhusu, hakuna cha kufungua.

Ukishahama, hakikisha TRIM inafanya kazi. Ni njia ya mfumo endeshi kuiambia SSD vipande ambavyo havitumiki tena, ili ivisafishe mapema. Windows inayo tangu Windows 7 ya mwaka 2009. Kwenye Ubuntu na Mint kuna fstrim.timer inayoifanya kila wiki. Andika systemctl status fstrim.timer uone kama iko hai.

Na msiogope zile hadithi kwamba SSD huisha haraka kwa kuandikwa. SSD ya GB 240 ya bei ya chini inaweza kuwa na dhamana ya kuandikwa TB 80. Ukiandika GB 20 kila siku, ambayo ni nyingi kwa kazi za ofisi, ni siku 4,000, karibu miaka 11. Cha kuogopa ni kingine: SSD ikifa, mara nyingi haikwaruzi. Haitoi sauti ya panya. Jana ilikuwepo, leo ubao mama hauioni. Diski ya sahani ilimpa mama miezi mitatu ya onyo. SSD inaweza isimpe hata dakika tatu. Tena usiifanye SSD kuwa sanduku la kuhifadhia vitu kabatini. Viwango vya JEDEC kwa SSD za matumizi ya kawaida huitaka ishike data mwaka mmoja tu bila umeme, kwa nyuzi 30, ikiwa imeshatumika hadi mwisho wa dhamana yake. Nyuzi 30 huko Pwani ni siku ya kawaida.

Kwa hiyo kasi ni zawadi, lakini usiichukue kama dawa ya kila kitu. Usingoje Jumapili ya kugawana pesa. Leo jioni fanya mambo mawili. Endesha smartctl, au CrystalDiskInfo kama ni Windows, usome ile mistari mitatu. Kisha jiulize ni faili zipi kwenye mashine yako ambazo hakuna mtu mwingine duniani anazo. Zipime. Nina hakika zitaingia kwenye flashi ya shilingi mia saba. Anza na hizo. Mfumo endeshi utaufuata baadaye, hauna haraka, uko kila mahali.

Kazi njema.